Propela Isiyopinda

Kabla ya kuuza chochote alichokisubu, Fundi alivunja cha kwanza. Alikiweka juu ya jiwe, mbele ya mteja, akakipiga nyundo mpaka kipinde au kivunjike. Kikipinda alisema "Haya," akaendelea na kazi. Kikivunjika alikiokota, akakigeuzageuza kwenye mwanga akitazama pale kilipoachana, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akakirudisha chunguni pamoja na vyote vilivyomiminwa siku hiyo, hata kama mteja alikuwa amekwisha kuita mkokoteni. Nilimwona akifanya hivyo kwa miaka mitatu, kabla sijamshauri aache.

Sijui alizaliwa wapi, na habari za wazazi wake sikuwahi kuuliza. Nilimjua kwa kazi yake, na kazi yake ilikuwa kusubu: kuyeyusha aluminiamu chakavu na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga ili itoke sufuria, puli ya mashine ya kusaga, au propela ya boti. Karakana yake ilikuwa Igogo, Mwanza, imeegemezwa kwenye jabali kubwa kiasi kwamba ukuta wa nyuma hakuhitaji kuujenga. Zamani aliajiriwa kwenye karakana moja ya serikali. Zilipokuja zama za ruksa, za soko huria, wakapunguzwa kazini wote, naye akaondoka na nyundo, koleo mbili, na kikohozi.

Mimi nilikuwa nafundisha chuo cha ufundi pale mjini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi, suruali mbili, na imani kwamba nchi ilikuwa inanisubiri. Siku hizi naandika makala, kazi ambayo makosa yake hayazami majini. Fundi aliniita Injinia, kwa sauti ile ambayo watu humwitia mtoto mdogo mzee.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Injinia. Leo umetuletea kitabu gani cha kuwashia moto?"

Alitania hivyo kila mara, lakini kila karatasi niliyomwachia aliikunja na kuihifadhi kwenye mfuko wa nailoni juu ya boriti, pamoja na cheti chake cha ubatizo. Nilikuja kugundua baadaye kwamba bila miwani hakuweza kuzisoma, na miwani hakuwa nayo.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Kwenye drafti aliiba waziwazi, akisogeza kizibo cha soda kwa kiwiko huku akikuuliza habari za mkeo. Kwenye chuma hakuweza kudanganya hata alipotaka. Siku moja vijana wawili walimletea gunia la nyaya nene za aluminiamu, zimekatwa vipande vipande. Aliruka gunia lile, akaenda kusimama upande wa pili.

"Hizi bado zina umeme," akasema.

"Hazina, Fundi. Tumezikata wenyewe."

"Zina. Humu ndani kuna mtaa mzima umekaa gizani. Kawarudishieni watu taa zao."

Wakacheka, wakaondoka, wakauza kwa mwingine. Wiki ile hakuwa na aluminiamu ya kutosha hata kifuniko cha sufuria.

Na alitengeneza propela kwa ajili ya ziwa ambalo hakuwahi kulikanyaga. Maji yalikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, lakini mikono alinawa kwenye pipa. Nilimuuliza kwa nini. Akanyoosha kidole kwenye lile jabali, kisha kwenye ziwa. "Hili lina pa kushika. Lile halina."

Alikuwa pia na tabia ya kusikiliza. Kitu kikishapoa alikining'iniza kwa kamba na kukigonga kwa ukucha. Aluminiamu nzuri, alisema, inaitika kama mtu aliyeamshwa: kwa uzito kidogo, bila furaha. Kitu kinacholia kama kengele alikitilia shaka. Niliandika hilo kwenye daftari langu, nikaongeza pembeni: "Si kipimo."

Miaka ile injini za boti zilikuwa zikiingia Mwanza kwa wingi kuliko vipuri vyake. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa, ndege zilipakia sangara kutoka Ilemela kwenda Ulaya, na kila mwenye mtumbwi alitaka injini nyuma yake. Propela ya dukani ilikuwa ghali, kwa hiyo watu walikuja kwa Fundi. Hata pini, kile kipini kidogo kinachoishikilia propela na ambacho kazi yake ni kukatika chombo kikigonga kitu, walikuwa hawanunui tena. Walichomeka msumari mnene. Msumari haukatiki. Pigo lote lilikwenda kwenye propela yenyewe.

Malalamiko ya watu wa boti yalikuwa mchanga. Kwenye mwalo, ufuko wa kuegeshea boti, huingii ila kwa kukwangua chini, na mchanga uliila aluminiamu ya Fundi mpaka mabawa ya propela yakawa membamba kama sikio la mbuzi. Walirudi baada ya miezi michache.

"Fundi, umetuuzia biskuti."

"Mnalima nayo mchanga, halafu mnanilaumu mimi?"

Hapo ndipo nilipoingia na kitabu changu. Nyuma ya kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba kulikuwa na kilima cha majivu. Walichoma pumba za mpunga kwenye tanuri lao na kumwaga majivu nje, mpaka upepo ukayapeleka kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Nilikuwa nimesoma kwamba chembe ngumu za taka kama ile, zikichanganywa kwenye aluminiamu laini, huilinda isilike, kama kokoto zinavyofanya kwenye zege. Taka za bure, chuma chakavu cha bure, na jina langu juu ya ripoti. Nilienda kwa Fundi nikiwa na gunia la majivu begani, nimechafuka kama mchawi.

Mara ya kwanza majivu yalielea juu ya chungu na kukataa kuzama. Mara ya pili yalikuwa na unyevu ambao hatukuuona. Chungu kikatema. Kipande cha moto cha ukubwa wa ukucha kikatua kwenye mkono wake wa kushoto na kukaa hapo muda mrefu kuliko unavyoweza kutazama.

"Yamekataa," Fundi akasema, huku akijimwagia maji ya pipa.

"Yamelowa tu."

"Ndiyo yanavyokataa hayo."

Mara ya tatu tuliyakausha juu ya bati mpaka yakawa ya moto. Tukayamwaga kidogo kidogo, kikopo kimoja cha maziwa kwa kila chungu, yeye akikoroga kwa nondo iliyopakwa udongo kana kwamba anasonga ugali wa watu wengi. Yakaingia. Propela iliyotoka ilikuwa na rangi nzito kuliko zake za kawaida, kijivu cha mbingu ya mvua upande wa Ukerewe.

Kupima jinsi inavyolika tulitumia gurudumu la baiskeli lililovishwa msasa. Nilikata vipande viwili, cha zamani na cha majivu, nikavisaga mchana kutwa kwa zamu, halafu nikavipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu wa mtaa wa pili, mtu pekee tuliyemjua mwenye mizani ya kuaminika.

"Injinia," akasema akiviweka, "dhahabu yako mbona nyeupe?"

Lakini mizani haikutania. Kipande cha zamani kilikuwa kimeliwa vibaya. Cha majivu kilipungua kidogo sana, hata mwenye mizani alikipima mara tatu. Nilirudi Igogo nikikimbia, mtu mzima, na viatu vya ngozi.

Fundi hakukimbia. Aliichukua propela ya kwanza ya majivu, akaiweka juu ya jiwe, akaipiga nyundo mara moja. Bawa likakatika, likaruka, likachoma gunia la mkaa na kusimama humo. Pale lilipoachana palikuwa pakavu, pana chembechembe, kama ukuta wa kikombe.

Akalitazama muda mrefu.

"Hii haikupinda hata kidogo, Injinia."

"Haitakiwi kupinda. Inatakiwa isilike."

"Imekatika kama kikombe."

"Fundi, majini hakuna nyundo. Kule kuna mchanga."

Mkono wa Fundi uliofungwa kitambaa ulikuwa unavuja kidogo. "Una hakika?"

"Nina hakika," nikasema.

Nilikuwa nimeegemea jabali niliposema hivyo. Mji mzima umekaa juu ya mawe, nyumba zimepanda mawe, mbuzi wamelala juu ya mawe, na mawe hayohayo yanaingia ziwani na kuendelea chini ya maji mpaka visiwani, mengine yakiacha nusu shibiri tu ya maji juu yake. Wageni wanakuja kuyapiga picha. Mimi nilikuwa nimekaa humo miaka mitatu, na shahada, na sikuyaona.

Fundi akaichukua nyundo, akaitundika kwenye msumari. Tangu siku ile hakuvunja cha kwanza. Nimeshawahi kuheshimiwa kwa namna mbalimbali, nyingine kwa chakula na nyingine kwa hotuba, lakini heshima iliyonigharimu zaidi ni ile: aliniamini.

Alisubu propela kumi na moja za majivu. Kila moja aliitoboa alama ya nukta tatu kwa msumari karibu na tundu la katikati, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nilimuuliza alama ni ya nini. "Nizijue," akasema. Alipoigonga mojawapo kwa ukucha ililia, ikaendelea kulia, safi, mpaka mama muuza dagaa aliyekuwa akipita akageuka kuangalia kanisa. Fundi akaishika kwa kiganja kuinyamazisha. "Hii inalia vizuri mno," akasema. Nikacheka. Niliandika ripoti yenye kurasa nyingi kuliko propela zenyewe, nikaipeleka kunakohusika, na nadhani ipo huko hadi leo.

Watu wa boti walifurahi. Miezi ilipita na mabawa yakawa yaleyale. Hakuna aliyerudi kulalamika, na Fundi, ambaye kwa kawaida alichoshwa na walalamikaji, akaanza kukaa mlangoni akiangalia upande wa maji.

"Mbona hawarudi?" aliniuliza.

"Kwa sababu haziishi."

"Zile zingine zilikuwa zinarudi zimepinda," akasema. "Nilikuwa nazinyoosha. Nilikuwa naona zimegonga nini."

Habari zilipokuja zilikuja asubuhi, na mtu aliyekuwa akinunua mkaa. Boti moja ya kukusanya samaki, watu wanne ndani, ilikuwa inarudi kutoka visiwani jana yake ikagonga jiwe chini ya maji. Pigo dogo, walisema waliookolewa, kama kukanyaga kizingiti. Injini ikapiga kelele ya juu, boti ikasimama. Walipoinua injini walikuta kitovu cha katikati na msumari mzima mzima, na mabawa matatu yote hayapo. Propela ya kawaida ingepinda, wangeigongagonga kwa jiwe na kurudi nyumbani polepole, boti ikitetemeka. Hii haikuwaachia kitu cha kunyoosha. Upepo ukaanza kuwasukuma kwenye maji makubwa. Mmoja wao akajifunga kamba kiunoni akaogelea kuelekea kwenye jabali lililokuwa karibu, ili awavute. Kamba ilirudi. Yeye hakurudi.

Tulikwenda msibani pamoja, Fundi na mimi. Wanaume walikaa kwenye mabenchi chini ya turubai, na mazungumzo yalikuwa ya upepo, upepo wa majira yale, upepo unavyogeuka. Hakuna aliyetaja propela. Kipuri kikivunjika kimevunjika. Nilianza kupumua. Ndipo Fundi akasimama, kofia mkononi, akamwelekea baba wa marehemu, mzee wa Kikerewe aliyekuwa amekaa kwenye mkeka.

"Mzee mwenzangu, ile propela ni yangu. Nilizoea kuvunja ya kwanza nione. Ya aina hiyo niliivunja, nikaona, na bado nikatengeneza."

Yule mzee alimtazama. "Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ziko nyingine kumi."

Mzee akasema, "Basi usikae hapa. Kazitafute."

Fundi hakunitaja. Alikuwa na nafasi ya kunitaja, nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake na sahani ya pilau mapajani, na angesema tu "Injinia huyu hapa." Nami nilikuwa na nafasi ya kusimama. Pilau lilikuwa la moto. Hiyo ndiyo sababu ninayoikumbuka, na nimeitafuta nyingine kwa miaka mingi.

Akaanza kuzitafuta. Mtu ambaye hakukanyaga maji alizunguka mialo yote, suruali imekunjwa, akiinamia nyuma ya kila boti iliyovutwa nchi kavu na kupapasa karibu na tundu, akitafuta nukta tatu. Aliyemkuta nayo alimpa mpya ya kupinda, bure, na ile ya majivu aliirudisha karakana na kuivunja juu ya jiwe. Nyundo ilikuwa imeshushwa kutoka kwenye msumari wake. Nilisikia kutoka kwa wengine kwamba amepata tano, kisha saba, kisha tisa. Nasema kutoka kwa wengine kwa sababu mimi nilikuwa nimepata uhamisho kwenda Dar es Salaam, uhamisho niliouomba mwenyewe.

Nilirudi Mwanza mwishoni mwa miaka ile ya tisini, na jambo la kifamilia ng'ambo ya pili: posa ya mtoto wa dada yangu, ambako nilihitajika kukaa kimya na kuonekana msomi, kazi ninazoziweza zote mbili. Nikashuka mwaloni kutafuta boti ya abiria. Ilikuwepo moja inajaza watu. Mwenye boti alikuwa mama mnene mwenye kanga mbili na sauti ya kuuza mnada.

"Panda baba, nafasi bado ya mtu mmoja na heshima yake!"

Kwenye ubao wa nyuma, jirani na injini, alikaa mzee mwembamba ameshika kitu kilichofungwa kwenye gunia, amekipakata kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Nilimjua kwa kovu la mkono wa kushoto kabla sijamjua kwa uso.

"Shikamoo, Fundi."

Alinitazama. "Marahaba. Injinia, umenenepa."

Nilimuuliza anakwenda wapi. Mwenye boti akajibu kwa niaba yake.

"Haendi popote, huyu! Anakwenda na kurudi. Miaka miwili sasa, kila siku ya Mungu, na nauli halipi. Namhesabu kwenye mizigo." Abiria wakacheka. "Eti propela yangu mbovu. Njoo uione, baba, wewe unaonekana una shule. Tangu nimeifunga sijabadilisha! Wenzangu wamebadilisha mara ngapi? Anataka kuniuzia ingine, mzee mjanja huyu."

"Anataka kukupa bure, Mama," nikasema.

"Cha bure ndicho kibaya zaidi."

Dereva aliinua injini ili aondoe majani. Niliona mabawa matatu, kijivu cha mvua, kingo zake kali kama siku zilipotoka kwenye mchanga wa kalibu. Nukta tatu karibu na tundu. Ripoti yangu ilikuwa sahihi. Haikuwa imelika hata kidogo.

"Ya kumi na moja," Fundi akasema polepole. "Nilikuja na nyundo, wakanifukuza. Nikawaachia hii ya kupinda humu botini, wavulana wakaiuza kwa skrepa. Nikatengeneza ingine. Sasa naishika mwenyewe."

"Na ikivunjika?"

"Nafungua msumari, navisha hii. Nimejizoeza. Dakika chache tu, kama upepo haujatuchukua." Akakohoa, kikohozi kilekile, ila sasa kilikuwa kimemla mpaka mabegani. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havifungiki. "Unavuka?"

"Navuka. Narudi jioni."

"Na boti hii?"

Niliangalia mwaloni kama kuna nyingine. Haikuwepo.

"Na boti hii."

Akakifungua kile kifurushi. Ndani mlikuwa na propela nyeupe laini, spana, na koleo ndogo. Akanionyesha jinsi ya kuvuta msumari: kwanza unyooshe ncha, kisha gonga kutoka kushoto, usivute kwa hasira. Akanifanya nirudie. Mikono yangu ilikuwa imezoea chaki na baadaye kalamu, akaisahihisha bila kusema neno, kama alivyokuwa akisogeza vizibo vya drafti.

"Leo shika wewe," akasema. "Mimi nimechoka."

Watu wawili walimshusha, wakamsimamisha kwenye maji yaliyofika magotini. Alisimama humo kana kwamba amesahau kwamba anayaogopa.

"Na kesho, Fundi?" nikamuuliza.

Alikuwa akiangalia ile sehemu kati ya mwalo na maji makubwa, ambako mawe yanaonekana na ambako hayaonekani. "Wewe rudi kwanza," akasema.

Mwenye boti akapiga kofi. "Tumepata mzee mpya wa propela! Huyu atalipa nauli au naye ni mzigo?"

Nikalipa. Dereva akavuta kamba, injini ikawaka. Nikakaa kwenye ule ubao, ambao ulikuwa umechakaa kwa umbo la mtu mwingine, nikapakata propela. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Mashati mawili ya posa yalikuwa kwenye begi langu miguuni, yanalowa, na sijui kuogelea.

Tukaanza kupita kati ya mawe. Abiria walikuwa wanazungumza, mtu anacheka, mama mmoja anamenya machungwa. Mimi nilikuwa nimeinamisha sikio kwenye injini. Chini yake propela ilikuwa inalia, safi, bila kukwaruza popote, inalia vizuri mno.